Tunu za Mtafiti na Mtazamo Wake kwa Mwanafunzi

1. Utangulizi

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, haziafikiani. Ya kwanza husema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili husema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzee mmoja aweza kuzitumia zote mbili kwa siku moja: asubuhi akaitumia ya kwanza juu ya kijana wa jirani aliyeiba kuku, na jioni akaitumia ya pili juu ya mjukuu wake aliyefaulu mtihani. Hatumlaumu mzee huyo. Lakini tukimwuliza ni kitu gani kilichomfanya achague methali hii na kuiacha ile, tutaona kwamba hakufanya uchunguzi wowote juu ya watoto wale wawili. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuchagua kabla ya kinywa kufunguka.

Makala haya yanahusu watu ambao kazi yao ni kuchunguza, yaani watafiti wa elimu. Swali letu ni hili: je, mtafiti mwenye vipimo, madodoso na majedwali yuko salama kuliko yule mzee? Tutajaribu kuonyesha kwamba hayuko salama, na kwamba tunu anazozibeba moyoni huongoza jinsi anavyomtazama mwanafunzi, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua. Kisha tutauliza afanye nini.

Kwa neno "tunu" tunamaanisha yale mambo ambayo mtu huyaona kuwa ya thamani kuu, ambayo kwayo hupima mengine yote: utii au uhuru, ukoo au mtu binafsi, kipaji cha kuzaliwa au juhudi, mila au maendeleo. Tunu si kosa. Mtu asiye na tunu hawezi hata kuona sababu ya kuwachunguza watoto. Hatari iko mahali pengine, nayo ni pale tunu inapovaa vazi la ushahidi na kuketi katika kiti chake.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa jarida hili kwa karibu. Wengi wetu tunafundisha, na kila mwaka wanafunzi wa vyuo vyetu huandika tasnifu juu ya shule za msingi, shule za sekondari na madarasa ya kipaimara. Yanayoandikwa humo husomwa na wakuu wa shule na halmashauri, na baadaye mtoto fulani hupewa nafasi au hunyimwa.

2. Mtafiti aliyejishuku

Tuanze na mfano mwema. Alfred Binet, mwanasaikolojia wa Ufaransa, alitafuta kwa miaka kadhaa njia ya kupima akili za wanafunzi. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu wengi waliamini kwamba ukubwa wa kichwa huonyesha ukubwa wa akili. Binet naye alikwenda shuleni na chombo chake cha kupimia, akapima vichwa vya watoto ambao walimu waliwataja kuwa hodari na vya wale waliotajwa kuwa wazito. Tofauti aliyoipata ilikuwa ndogo mno. Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba mnamo mwaka 1900 alikiri wazi hofu yake: kwa kuwa alikuwa anajua ni mtoto yupi aliyehesabiwa kuwa hodari, huenda mkono wake mwenyewe, pasipo hila yoyote, ulikiongeza kichwa cha huyu na kukipunguza cha yule. Akaiacha njia hiyo.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kushughulikia watoto walioshindwa kufuatana na wenzao darasani. Kwa ajili ya kazi hiyo Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa mwaka 1905 mfululizo wa majaribio 30, yaliyopangwa kuanzia jepesi hadi gumu. Kusudi la Binet lilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada ili wasaidiwe. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1909 alipinga vikali wale waliosema kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichowekwa na hakiongezeki, akaeleza mazoezi ya kuikuza. Alifariki mwaka 1911.

Tazama, basi, mambo mawili katika mtu huyu. Kwanza, alikuwa na tunu: aliamini kwamba mtoto aliyebaki nyuma aweza kusogea mbele. Pili, alijua kwamba mtu mwenye nia njema aweza kupotoka, akauchunguza mkono wake mwenyewe kabla ya kuuamini.

3. Kipimo kile kile mikononi mwa wengine

Henry Goddard aliongoza utafiti katika shule ya watoto wenye upungufu wa akili huko Vineland, jimboni New Jersey, Marekani. Katika safari yake ya Ulaya ya mwaka 1908 alikutana na kipimo cha Binet, akakileta nyumbani na kukitafsiri. Maswali yalikuwa karibu yale yale, lakini mtazamo ulikuwa mwingine. Goddard aliamini kwamba upungufu wa akili hurithiwa kama rangi ya macho, tena kwamba ndio chanzo cha umaskini, ulevi na uzinzi. Methali yake ilikuwa ile ya nyoka.

Mwaka 1912 alitoa kitabu juu ya jamaa moja aliyoipa jina la kubuni la Kallikak. Alidai kwamba mwanamume mmoja alizaa na wanawake wawili, mmoja msichana wa kilabu cha pombe na mwingine mke wa heshima, na kwamba vizazi vya yule wa kwanza vilijaa watu wapungufu wa akili, hali vya yule wa pili vilikuwa vya watu wema. Ushahidi huo ulikusanywaje? Wasaidizi wake walitembelea nyumba, wakawatazama watu na kuamua akili zao kwa macho. Hata marehemu walipewa cheo cha akili kwa kusikiliza masimulizi ya majirani. Mavazi machakavu na nyumba chafu vilihesabiwa kuwa dalili. Mwaka 1913 wasaidizi wake waliwapima wahamiaji waliofika bandari ya New York kwa meli, na katika taarifa yake alidai kwamba zaidi ya robo tatu ya Wayahudi, Waitalia, Wahangaria na Warusi waliopimwa walikuwa wapungufu wa akili. Watu hao walikuwa wametoka tu melini, wamechoka, wakiulizwa maswali kwa njia ya mkalimani.

Haifai kumfanya Goddard kuwa shetani. Aliwapenda watoto wa Vineland na alitumia maisha yake kuwahudumia. Tena mwaka 1928 alitamka hadharani kwamba amebadili mawazo: kwamba wengi wa watu aliowaita wapungufu waweza kuelimishwa, na kwamba hakuna sababu ya jumla ya kuwatenga na jamii. Ungamo hilo ni la heshima. Hata hivyo maneno ya mtafiti hayarudi yakitumwa. Mwaka uliotangulia, 1927, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuhalalisha kuwafunga uzazi watu waliohukumiwa kuwa wapungufu wa akili, na maelfu walifanyiwa hivyo kwa nguvu.

Mfano wa pili ni Cyril Burt wa Uingereza, aliyeajiriwa mwaka 1913 na halmashauri ya jiji la London kuwa mwanasaikolojia wa shule, na ambaye mwaka 1946 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Burt alishikilia kwamba akili kwa sehemu kubwa ni ya kuzaliwa. Ili kuthibitisha hilo alitoa takwimu za mapacha waliolelewa mbali mbali. Mwaka 1955 alitaja jozi 21, baadaye zaidi ya 30, na mwaka 1966 jozi 53. Lakini kiwango cha uwiano wa akili zao kilibaki 0.771 kila mara. Yeyote aliyewahi kufanya hesabu za namna hii anajua kwamba kuongeza watu huisogeza namba, walau kidogo. Mwaka 1974 Leon Kamin wa Marekani aliyaonyesha hayo, na mwaka 1976 gazeti moja la London lilitangaza mashaka kwamba hata wasaidizi waliotajwa katika maandiko yake huenda hawakuwako. Leslie Hearnshaw, aliyeandika maisha yake mwaka 1979, aliamua kwamba palikuwa na udanganyifu. Waandishi wengine wawili walimtetea mwaka 1989 na mwaka 1991, wakisema kwamba uzembe si sawa na uongo, na mabishano hayajaisha.

Kwa shabaha yetu haitulazimu kutoa hukumu. Swali letu ni tofauti: kwa nini namba ile isiyosogea haikumshtua mtu yeyote kwa miaka karibu 20? Jibu ni kwamba ilisema kile ambacho wengi walitaka kukisikia. Katika nchi ambayo watoto walitenganishwa kwa mtihani wakiwa na umri wa miaka 11, wengine kwenda shule za kitaaluma na wengine kwenda shule za kawaida, ilikuwa faraja kuambiwa kwamba mgawanyo huo umefanywa na maumbile yenyewe. Tunu za mtafiti hupata nguvu zinapokutana na tunu za wasomaji wake, maana hapo hakuna abakiye wa kuuliza.

4. Upendo nao hupotosha

Pengine msomaji atasema: hao walipotoka kwa sababu waliwadharau watoto, dawa ni kuwapenda. Lakini wahenga walisema kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Upendo nao ni tunu, nao una macho yake.

Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto wapatao 1,500 wa California waliopata alama za juu katika kipimo cha akili. Aliwapenda kama wanawe. Aliwaandikia barua za kuwapendekeza vyuoni na kazini, na kwa njia hiyo akausukuma kwa mkono wake mzani aliopaswa kuusoma. Wakati huo huo, katika kitabu chake cha mwaka 1916, alikuwa ameandika kwamba watoto wa Kimeksiko na wa Kinegro wenye alama za chini watengwe katika madarasa ya peke yao. Watoto wawili waliopimwa wakaachwa nje ya kundi lake, William Shockley na Luis Alvarez, baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mwaka 1956 na mwaka 1968.

Hapa kwetu tunao mfano unaotugusa zaidi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Misheni ya Leipzig, alifika Kilimanjaro mwaka 1902, na isipokuwa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alikaa kati ya Wachaga mpaka mwaka 1938. Hakuna mgeni aliyeandika mengi kuliko yeye juu ya sheria zao na mafundisho waliyopewa vijana wao. Kitabu chake juu ya sheria kilitoka mwaka 1926, na mafundisho ya jandoni katika mabuku matatu kuanzia mwaka 1932. Gutmann alithamini vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Aliona ustaarabu wa mijini wa Ulaya, pamoja na fedha zake na ubinafsi wake, kuwa ugonjwa ulioivunja nchi yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo aliiona hazina katika malezi ya Kichaga ambayo wamisionari wengine waliiita giza, na kwa ajili hiyo tunamshukuru.

Lakini jicho lile lile lililoiona hazina halikumwona sawasawa kijana aliyekuwa mbele yake. Miaka hiyo hiyo Wachaga walikuwa wakipanda kahawa. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikafuatiwa na ushirika wa KNCU. Vijana walitaka kuandika, kuhesabu na kujua Kiingereza. Kwa mtu aliyekuja Afrika akiukimbia ubinafsi wa Ulaya, ilikuwa rahisi kuiona hamu hiyo kama maambukizo, na kutoiona kama haja halali ya watu ambao walikuwa wakilinda mazao yao na ardhi yao. Inafaa kumlinganisha na Otto Raum, mwana wa mmisionari mwingine wa Kilutheri, ambaye mwaka 1940 alitoa kitabu juu ya utoto wa Wachaga. Raum alikaa na kutazama michezo ya watoto, ugomvi wao na hila zao kwa wazazi. Katika kurasa zake mtoto si chombo tu cha kubeba mila. Anapinga, anaiga, anabuni.

Namna nyingine ya upendo ilikuja na Tume ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Jones alizaliwa Wales akahamia Marekani, akafanya kazi katika Taasisi ya Hampton, ambako Waamerika weusi walifundishwa hasa kazi za mikono. Mwaka 1917 alikuwa ametoa taarifa kubwa juu ya elimu yao, na W.E.B. Du Bois aliipinga vikali kwa kuwa iliwafungia watu weusi mlango wa elimu ya juu. Haishangazi kwamba alipofika Kenya na Tanganyika aliona haja ile ile: afya, kilimo, maisha ya nyumbani na burudani safi. Hayo yote ni mema. Lakini tume iliuona mkono wa mwanafunzi kabla ya kukiona kichwa chake. Katika tume hiyo alikuwamo pia Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Pwani ya Dhahabu, mtu mwenye shahada, ambaye kuwapo kwake kulikuwa jibu tosha kwa yeyote aliyedhani kwamba elimu ya juu haimfai Mwafrika.

5. Tunu ndani ya neno "akili"

Kuna mahali pa ndani zaidi ambapo tunu hujificha, napo ni katika maana ya maneno. Katika miaka ya 1960 Michael Cole na wenzake walifanya utafiti kati ya Wakpelle wa Liberia, matokeo yakatoka mwaka 1971. Waliwapa wakulima vitu mbalimbali, vyakula, zana, vyombo na mavazi, wakawaomba wavipange. Mtafiti alitarajia vyakula viwekwe pamoja na zana pamoja. Wakulima waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa sababu kisu hukata chungwa, wakasema kwamba ndivyo afanyavyo mtu mwenye busara. Inasimuliwa kwamba mtafiti, alipochoka, aliuliza: mpumbavu angevipangaje? Hapo wakavipanga mara moja katika mafungu safi, sawasawa na alivyotaka yeye.

Kadhalika katika utafiti uliotolewa mwaka 2001 kutoka Usenge, magharibi mwa Kenya, Robert Sternberg na wenzake walipima ujuzi wa watoto wa Kijaluo juu ya dawa za mitishamba wanazotumia kujitibu. Watoto waliojua zaidi dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati wa shuleni. Katika kijiji hicho hicho wazee walipoulizwa maana ya akili walitaja maneno manne: rieko, yaani maarifa na ujuzi, luoro, yaani heshima, winjo, yaani kuelewa namna ya kukabili mambo ya maisha, na paro, yaani kufikiri na kuanzisha jambo. Mtihani wa shule unapima sehemu ya lile la kwanza tu. Mtafiti anayemwita mtoto wa Usenge "mzito" hajasema uongo juu ya karatasi ya mtihani, ila amemfanya rieko kuwa akili yote bila kuwauliza wenye kijiji.

6. Mtazamo humfikia mtoto

Je, mtazamo wa mtafiti una madhara gani ikiwa unabaki moyoni? Robert Rosenthal alilijaribu swali hili kwanza kwa panya. Mwaka 1963 yeye na mwenzake walitoa taarifa ya jaribio ambalo wanafunzi 12 walipewa panya watano watano wa kuwafundisha kupita katika njia za kisanduku. Nusu yao waliambiwa kwamba panya wao ni wa ukoo hodari, nusu kwamba ni wa ukoo mzito. Panya wote walikuwa wa namna moja. Hata hivyo wale walioitwa hodari walifanya vizuri zaidi, na waliowafundisha walisema kwamba waliwashika kwa upole zaidi.

Kisha, pamoja na Lenore Jacobson, mkuu wa shule ya msingi huko California, alifanya jaribio kama hilo kwa watoto, likachapishwa mwaka 1968. Walimu walipewa majina ya watoto, kama mmoja katika kila watano, wakaambiwa kwamba mwaka huo watachanua. Majina yalikuwa yamechaguliwa kwa bahati nasibu. Katika madarasa mawili ya chini watoto waliotajwa waliongeza alama kuliko wenzao. Katika madarasa ya juu tofauti haikuonekana wazi.

Uaminifu unatutaka tuongeze kwamba utafiti huo ulikosolewa mara moja kwa udhaifu wa vipimo vyake, na kwamba tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kuwa nguvu ya matarajio ya mwalimu kwa kawaida ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Lakini ipo, nayo huelekea kuwa kubwa zaidi kwa watoto wa makundi yanayodharauliwa. Tukisema kwamba matarajio ya mwalimu hufanya kila kitu, nasi tutakuwa tumeigeuza tunu yetu kuwa ushahidi.

7. Tujitazame wenyewe

Mwandishi wa makala haya ana la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mchungaji wa usharika, niliombwa kuchunguza kwa nini vijana wengi waliacha masomo katika shule moja ya sekondari ya jirani. Niliandaa dodoso la maswali 20. Niliuliza juu ya nidhamu, juu ya sala za nyumbani, juu ya muziki na makundi ya vijana, na juu ya wazazi walioachana. Nilipomfikia bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu watatu, alinijibu yote kwa adabu, kisha akasema: "Mchungaji, mbona hukuuliza kama mtoto alikula?" Nilirudi kwenye karatasi yangu. Hapakuwa na swali lolote juu ya chakula, wala juu ya umbali wa njia, wala juu ya karo. Nilikuwa nimekwenda kutafuta dhambi, na ningeirudisha dhambi kwa asilimia zilizohesabiwa vizuri.

Mfano mkubwa zaidi ni habari ya wasichana wanaopata mimba shuleni. Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa miaka mingi msichana mwenye mimba alihesabiwa humo. Mnamo Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika mfumo rasmi. Sasa fikiria watafiti wawili wanaokwenda katika shule moja. Wa kwanza anathamini hasa usafi wa mwenendo. Anauliza kwa nini wasichana wanaanguka. Wa pili anathamini hasa haki. Anauliza ni nani aliyewapa mimba, msichana alitembea kilomita ngapi kila siku, na alilala wapi. Wote wawili watapata majibu ya kweli. Lakini taarifa ya kwanza itamhusu mtoto peke yake, na mtu mzima aliyemkosea hatatajwa popote. Ukweli ulioachwa nje ya dodoso hauna namna ya kuingia katika hitimisho.

Wala tusimhesabu mtafiti wa pili kuwa hana upofu. Huenda naye akashindwa kumwona msichana ambaye angependa kuzungumza juu ya uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa katika dodoso lake msichana ni mtu wa kutendewa tu.

8. Mtafiti afanye nini?

Wengine hushauri kwamba mtafiti aziweke tunu zake kando. Max Weber, katika maandiko yake tangu mwaka 1904, alitofautisha mambo mawili. Tunu zina haki ya kuchagua swali, maana hakuna achunguzaye jambo asilolijali. Lakini hazina haki ya kuchagua jibu. Gunnar Myrdal, mchumi wa Sweden, alipotoa mwaka 1944 uchunguzi wake mkubwa juu ya hali ya watu weusi wa Marekani, aliongeza kwamba tunu zisizotajwa ndizo zenye hatari zaidi, kwa hiyo mtafiti azitangaze ili msomaji aweze kumpima. Kwa maoni yetu wote wawili wanahitajiwa. Kutokana na mifano tuliyoipitia tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kabla ya kuandika dodoso, mtafiti aandike katika ukurasa mmoja kile anachotarajia kukiona na kile ambacho angehuzunika kukiona. Ukurasa huo aukabidhi kwa msimamizi wake.

Pili, dodoso lisomwe kwanza na mtu wa mahali pale asiye na elimu ya mtafiti. Bibi yule angeniokolea miezi mitatu.

Tatu, anayesahihisha au kupima asijue mtoto yupi anatoka kundi lipi, kila inapowezekana. Hilo ndilo Binet alilolihofia katika kupima vichwa.

Nne, mtafiti aeleze ni ushahidi gani ungemfanya abadili mawazo, kisha autafute kwa bidii ile ile anayotafutia ushahidi wa kumuunga mkono. Namba inayompendeza mno aichunguze mara mbili.

Tano, mwanafunzi mwenyewe aulizwe, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba tunu huingia katika utafiti kwa milango mingi: katika swali, katika kipimo, katika maana ya neno, katika jicho linalotazama na katika masikio ya wasomaji. Tumeona pia kwamba dharau na upendo vyote vyaweza kumficha mtoto. Goddard alimwona nyoka, Gutmann alimwona mwana wa ukoo, Jones alimwona mkulima, nami nilimwona mkosefu. Kila mmoja wetu aliona kitu kilichokuwapo kwa kadiri fulani, akadhani ameona chote.

Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese alivutwa na kimo cha mwana wa kwanza, hali yule aliyetafutwa alikuwa malishoni na hakuna aliyekumbuka kumwita. Mtafiti hana ufunuo wa kumsahihisha kama nabii yule. Anachoweza kufanya ni kuuliza, kabla hajafunga daftari lake, kama watoto wote wamekwisha kuitwa.